Viwanja Mtwara: Mnunuzi Aulize Maji Kwanza

WALIONUNUA mashamba ya mikorosho pembezoni mwa mji wa Mtwara mwanzoni mwa miaka ya 2010, gesi ilipopandisha bei ya ardhi, si wote waliopata faida. Mtambo wa kugeuza gesi kuwa kimiminika, uliotajwa sana na madalali, ulipangiwa Likong'o, Lindi. Na mkorosho uliokatwa haurudishwi kwa msimu mmoja: mche hukaa miaka mitatu hivi ndipo uanze kuzaa.

Hiyo ni hasara ya mfukoni. Kubwa zaidi iko chini ya ardhi. Mji hunywa maji ya visima, vikiwamo vya Mtawanya, na udongo wa pwani hiyo ni wa kichanga. Uchafu wa choo cha shimo hauchelewi kuzama.

Kwenye karatasi kinga ipo. Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka bahari au mto. Kuanzia Ghuba ya Mnazi hadi mdomo wa Ruvuma kuna hifadhi ya bahari tangu mwaka 2000. Lakini kanuni hulegea kiwanja kimoja kimoja, kila muhuri unapogongwa bila ramani kufunguliwa.

Mwekezaji mdogo akumbuke: chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, mauziano huhitaji idhini ya halmashauri ya kijiji. Saini ya mwenyekiti peke yake, hata ikiwa na mashahidi kumi, haitoshi. Benki nazo huuliza hati, si mashahidi.