Mwanao anasoma sheria? Muulize hiyo kesi ameisoma wapi

Simu inaita saa tatu usiku, Babati. Mtoto yuko chuoni, Mzumbe au Dodoma, na baada ya salamu anaomba hela. Safari hii si ya chakula, ni ya kulipia programu ya kusomea. Mzazi aliyeuza magunia ya mahindi ili alipe ada anajiuliza kama anagharamia masomo au uvivu.

Programu hizo zipo kweli. Akili mnemba imeshaingizwa ndani ya programu za kuandikia, za kufungulia vitabu na za kutafutia intanetini. Mwanafunzi anaipa hukumu ya kurasa 40, inamfupishia kwa dakika moja, inamtungia maswali ya majaribio na kumfafanulia kwa Kiswahili Kiingereza kigumu cha mahakamani. Kwa kijana aliyetoka shule ya kata, huo ni msaada mkubwa, na sioni sababu ya kumnyima.

Shida ni kwamba inatunga. Mwaka 2023, huko New York, wakili mwenye uzoefu wa zaidi ya miaka 30 aliitumia ChatGPT kuandaa hoja katika kesi dhidi ya shirika la ndege la Avianca. Ikampa kesi ambazo hazijawahi kuwepo. Alipoiuliza kama ni za kweli, ikajibu ndiyo. Yeye, mwenzake na kampuni yao walitozwa faini ya dola 5,000.

Hapa kwetu kinga yake ni ya bure. Hukumu za Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani zimewekwa kwenye tovuti ya TanzLII. Akija likizo, mwambie akufungulie humo kesi anayoitaja. Hata kama Kiingereza kinakupiga chenga, utaona kama ipo au haipo.

Wengi mnakumbuka Oktoba 2022, matokeo ya Shule ya Sheria yalipoonyesha wanafunzi 26 tu kati ya 633 wamefaulu mara ya kwanza, hadi ikaundwa kamati chini ya Dk Harrison Mwakyembe. ChatGPT ilikuwa haijatoka, kwa hiyo tusiisingizie. Lakini chumba cha mtihani ni kilekile, na simu haiingii.

Hapa naingia kwenye eneo langu la afya. Ubongo hushika jambo unapohangaika kulikumbuka kabla ya kuonyeshwa jibu, na hulihifadhi vizuri mtu akilala. Anayesoma ufupisho kwenye simu hadi saa nane usiku anajinyima vyote viwili.

Akienda fildi kwa wakili, mwonye pia asiingize kwenye programu hizo nyaraka za mteja, iwe talaka au mgogoro wa shamba. Ni siri ya mtu, kama faili la mgonjwa.

Hiyo hela, mtumie baada ya kukueleza kesi moja kwa Kiswahili, daftari likiwa limefungwa. Akikwama, isubiri hadi wiki ijayo.