Swichi Zijulikane kwa Mkono

Wahenga walisema ajali haina kinga. Sipendi kuwapinga wazee, lakini zipo ajali zinazoweza kukingwa kwa jambo dogo tu, yaani mahali ilipowekwa swichi.

Sisi wanafunzi wa kutwa twapanda matatu kila siku. Hebu fikiria mvua ya alasiri imetukuta Nyamasaria, tukielekea Ahero. Abiria 14 wanapumua, madirisha yamefungwa, kioo cha mbele kimeingia ukungu, na mbele kuna bodaboda isiyo na taa. Papo hapo dereva anahitaji waipa, taa na feni ya kukausha kioo. Atavipata vipi bila kuinamisha macho?

Tupige hesabu. Matatu huruhusiwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, nao ni mita 22 kila sekunde. Dereva akitazama chini sekunde 2 tu, gari limekwenda mita 44, karibu nusu ya uwanja wa kandanda, bila macho!

Kwa hivyo dashibodi nzuri ina mambo matatu. Kwanza, kila swichi iwe na umbo lake. Zile Probox zilizojaa huku kwetu zina feni ya kuzungusha, ambayo vidole huijua hata gizani.

Pili, swichi zisihamehame. Magari ya Japani yana indiketa kulia kwa usukani, ilhali mengi ya Ulaya yanayo kushoto. Dereva akitoka kwa Toyota akaingia Peugeot, anataka kukata kona, kumbe waipa ndiyo inacheza juani! Abiria tunacheka, lakini anayetufuata nyuma hajaonyeshwa chochote.

Tatu, alama zisomwe na wote. Taa nyekundu ni hatari, ya manjano ni onyo, na picha ya kopo la oili haihitaji Kiingereza. Lakini magari mengi ya mitumba huja na skrini ya Kijapani. Nimewahi kuketi mbele nikamwona dereva akibonyezabonyeza maandishi asiyoyajua ili apunguze redio, na gari lenyewe linakwenda.

Siku hizi viwanda vingi vinaondoa swichi na kuweka skrini za kugusa. Skrini ni laini kote, kidole hakijui kilipo mpaka jicho likiongoze. Ndiyo sababu kanuni za mwaka wa 2026 za Euro NCAP, shirika linalopima usalama wa magari Ulaya, hulinyima alama gari lisilo na swichi halisi za indiketa, waipa, honi na taa za tahadhari. Jambo hili latuhusu. Kenya huruhusu magari yaliyotumika yasiyozidi miaka 8, basi skrini za huko leo zitakuwa zetu kesho.

Tufanyeje? Dereva, kabla ya kutoka steji, gusa kila swichi huku ukitazama mbele. Usiyoipata, ijifunze gari likiwa limesimama. Mwenye gari naye atafute fundi abadilishe lugha ya skrini. Nawe mwanafunzi unayeota kuwa mhandisi, ukichora dashibodi yako, ijaribu kwanza ukiwa umefumba macho. Kinga ni bora kuliko tiba.