Kinga ya Kurithi: Somo la Kiwavi wa Hariri

Kiwavi wa hariri, ambaye jina lake la kisayansi ni Bombyx mori, alianza kufugwa nchini Uchina maelfu ya miaka iliyopita. Hula majani ya mforosadi na hulelewa kwa wingi katika chumba kimoja. Hivyo ugonjwa ukimpata mmoja, huenea upesi kwa wenzake, na mfugaji huweza kupoteza mavuno ya msimu mzima. Kwa sababu hiyo magonjwa ya mdudu huyu yamechunguzwa kwa muda mrefu, na baadhi ya matokeo ya uchunguzi huo yanaeleza vizuri jambo ambalo wagonjwa huliuliza mara nyingi: kwa nini kisababishi kilekile cha ugonjwa humwangusha mmoja na kumwacha mwingine?

Mwaka 1865 Louis Pasteur alikwenda Alès, kusini mwa Ufaransa, kuchunguza pebrini, maradhi yaliyokuwa yakiangamiza viwavi wa wafugaji. Ilibainika kwamba kimelea chake hupita kutoka kwa nondo jike hadi kwenye mayai yake. Pasteur alielekeza kila jike atage peke yake, kisha mwili wake usagwe na kupimwa kwa hadubini. Chembe za ugonjwa zikionekana, mayai yake yateketezwe. Utaratibu huo ungali ukitumika. Hata hivyo, humkinga kiwavi kwa kumtenga na kimelea tu. Haumpi uwezo wa kukishinda.

Uwezo wa namna hiyo umeonekana katika ugonjwa mwingine, unaosababishwa na densovirusi. Virusi hivi huingia katika seli za utumbo wa kiwavi, naye hulegea, huacha kula na kufa. Wataalamu waligundua kwamba baadhi ya aina za viwavi haziambukizwi kabisa na mojawapo ya virusi hivi, hata zikilishwa virusi kwa wingi. Rasimu za jenomu ya mdudu huyu zilipotolewa mwaka 2004, kazi ya kutafuta chanzo cha kinga hiyo ilirahisika. Mwaka 2008 watafiti wa Japani walitangaza kwamba wameipata jeni inayohusika, iitwayo nsd-2.

Katika viwavi wa kawaida, jeni hii hutengeneza protini inayokaa kwenye utando wa seli za utumbo. Virusi huihitaji protini hiyo ili kuambukiza. Katika viwavi wenye kinga, sehemu ya jeni imekatika, na protini kamili haipatikani. Ili kuthibitisha jambo hilo, watafiti waliwapandikizia viwavi wenye kinga jeni iliyo kamili, nao wakaanza kuambukizwa. Kwa hiyo kinga hii si nguvu ya kupigana na adui. Ni kukosekana kwa mlango anaoutumia.

Kinga hiyo hupatikana tu kwa kiwavi aliyerithi nakala iliyokatika kutoka kwa baba na kwa mama pia. Mwenye kinga akizalishwa na asiye na kinga wala nakala hiyo, watoto wote huweza kuugua. Watoto hao wakizalishwa wao kwa wao, takriban mmoja kati ya wanne huwa na kinga. Kwa kupima jeni, mzalishaji huwatambua viwavi hao bila kuwaambukiza kwanza.

Binadamu naye ana milango ya namna hii. Watu wachache, hasa wenye asili ya Ulaya ya Kaskazini, wamerithi kutoka kwa wazazi wote wawili nakala pungufu ya jeni ya CCR5, na aina nyingi za Virusi vya Ukimwi (VVU) hushindwa kuingia katika seli zao. Ujuzi huo ulizaa dawa ya maraviroki, inayoufunga mlango huohuo. Vivyo hivyo, Waafrika wengi wa kusini mwa Sahara hawana alama ya Duffy kwenye chembe nyekundu za damu, na jambo hilo huwapunguzia sana malaria ya vivaksi.

Hata hivyo, mlango mmoja ukifungwa, mingine hubaki wazi. Kiwavi mwenye nsd-2 iliyokatika bado huweza kufa kwa pebrini. Zipo aina za VVU zisizotegemea CCR5. Asiye na alama ya Duffy hana kinga dhidi ya malaria ya falsiparamu, ambayo ndiyo inayoua zaidi Afrika, na hata vivaksi imewahi kuonekana kwa watu kama yeye.

Mgonjwa anayesema kwamba ukoo wake una damu ngumu, na kwamba kwa hiyo hahitaji chandarua, kipimo au dawa, astahili kuelezwa hayo kwa upole. Kinga ya kurithi ipo, lakini kila moja ina ugonjwa wake, na haionekani kwa macho. Viwavi huchaguliwa na mfugaji, na wasiofaa hutupwa. Binadamu hatendewi hivyo. Kwake, ujuzi wa jeni hutumika kutafuta dawa, na kujikinga hubaki kuwa wajibu wa kila siku.