HOTELI ZA UGENINI: NILIYOYASIFU NA NILIYOYAFICHA

Nina deni, na leo nataka kulilipa mbele yenu.

Niliporudi Turiani kutoka hija ya Roma, mwaka wa Jubilei 2025, majirani walijaa uani kwangu kutaka habari. Nami nikawasimulia. Nikasifu shuka nyeupe kama pamba, lifti ipandayo bila kelele, na maji ya moto yatokayo ukutani usiku na mchana. Watoto walinyamaza kimya, wazee wakatikisa vichwa, nami nikafurahi kusikilizwa. Yaliyokuwa machungu niliyameza.

Baada ya majuma matatu alikuja kijana mmoja, mtoto wa jirani yangu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Akaniambia kwamba amepata mtu mjini, atakayempeleka ng'ambo kufanya kazi ya hoteli. Ila mtu huyo anataka fedha kwanza. Basi yeye ameamua kuliuza shamba la mpunga aliloachiwa na marehemu baba yake.

"Wewe mwenyewe umetuambia, Mwalimu. Hoteli za kule ni kama peponi."

Loo! Maneno yangu mwenyewe yalinichoma. Nikamwambia, "Keti, mwanangu. Nilizozitoa zilikuwa nusu ya habari. Sikiliza nusu ya pili." Na haya ndiyo niliyomweleza.

NAIROBI: ULIZA BEI NA KILICHOMO

Safari yangu ya kwanza nje ya nchi ilikuwa mwaka 2023, kwenda Namugongo, Uganda. Basi lilitufikisha Nairobi jioni, tukatafuta pa kulala upande wa River Road. Huko ukiuliza hoteli utaonyeshwa pa kula, kama ilivyo pengi kwetu. Ukitaka kitanda, sema wazi kwamba unataka chumba cha kulala.

Nyumba tuliyoipata sitaitaja jina. Bei tulipatana mlangoni, nasi tukaona ni nafuu. Usiku honi za magari hazikutuacha tufumbe macho. Kulipopambazuka tukaambiwa tulipie na taulo, tulipie na mizigo iliyowekwa chini ya ngazi. Tulinung'unika, tukalipa. Lakini nusu ya kosa ilikuwa yetu: tuliuliza bei, hatukuuliza bei hiyo ina nini ndani yake.

NAMUGONGO: GODORO BOVU, USINGIZI MZURI

Hapo Namugongo ndipo Karoli Lwanga alipochomwa moto tarehe 3 Juni 1886. Yeye na wenzake, Mashahidi 22, walitangazwa kuwa watakatifu na Papa Paulo wa Sita mwaka 1964. Kila mwaka sikukuu yao ikifika, mahujaji huwa wengi mno, na wengine huja kwa miguu kutoka mbali. Vitanda havitoshi kamwe. Wengi hutandika mikeka uwanjani wakalala chini ya nyota.

Sisi tulipata nyumba ndogo ya wageni, watu sita chumba kimoja. Godoro langu lilikuwa limebonyea katikati kama mtumbwi. Lakini mwenye nyumba, mama wa Kiganda, alipiga magoti kutusalimu kwa desturi ya kwao. Akauliza majina yetu, na kesho yake aliyakumbuka yote. Asubuhi alitupakulia katogo, yaani ndizi zilizopikwa pamoja na maharage. Mwenzetu mmoja aliposhikwa na homa, mama yule alikesha naye hadi alfajiri, wala hakuandika hilo katika hesabu yake. Kwenye godoro lile bovu nililala kama mtoto mchanga.

ROMA: CHUMBA KIZURI, MGENI PEKE YAKE

Hoteli yangu ya Roma ilikuwa karibu na stesheni kubwa ya treni ya Termini. Mapokezi waliomba pasipoti, wakaandika habari zangu, wakanirudishia papo hapo. Ndiyo sheria ya Italia: kila mwenye nyumba ya wageni lazima apeleke polisi majina ya waliolala kwake.

Badala ya ufunguo nikapewa kadi. Kadi ikafungua mlango, nikaingia, giza! Nilibonyeza swichi zote, hakuna taa. Nikaketi kitandani gizani karibu robo saa, nikiona haya kushuka kuuliza. Kumbe kadi ileile huchomekwa katika kitundu ukutani karibu na mlango, ndipo umeme unapowaka.

Nikaenda kunawa. Bomba moja lina herufi C, jingine F. Shuleni nilifundisha kwamba kwa Kiingereza C ya bombani ni maji baridi. Nikafungua C kwa nguvu zote, nikapiga kelele. Kwa Kitaliano C ni "caldo", maana yake moto! Na chaja ya simu yangu, yenye pini tatu bapa za kwetu, haikuingia katika matundu yao ya mviringo. Kwa hiyo siku mbili nyumbani hawakupata habari zangu.

Siku ya kuondoka nikadaiwa fedha zaidi. Tangu mwaka 2011 mji wa Roma hutoza wageni kodi ya kulala, kwa kila mtu na kwa kila usiku, na mara nyingi kodi hiyo haimo katika bei ya chumba. Hata bila hiyo, usiku mmoja ulinila zaidi ya gunia zima la mpunga wa Turiani.

Lakini lililonilemea zaidi ni upweke. Watu walikuwa na adabu, walitabasamu. Hata hivyo kwa siku nne hapana aliyeniuliza nimeamkaje. Pale sikuwa Mwalimu wala baba wa mtu. Nilikuwa namba ya chumba.

ALIYETANDIKA KITANDA CHANGU

Siku ya tatu nilimkuta mama msafishaji akitandika chumba changu, rozari ikining'inia mfukoni mwake. Alikuwa Mfilipino. Kwa Kiingereza chetu kidogo tukaongea. Vyumba anavyosafisha huhesabiwa, na asipovimaliza haondoki. Analala mbali nje ya mji, watu watatu chumba kimoja, na huamka usiku ili awahi basi la kwanza. Watoto wake wamelelewa na bibi yao kwa miaka sita. Fedha huwatumia kila mwezi, nao wanasoma, na hilo alilisema kwa furaha. Kisha akageuka kunyosha shuka ambayo ilikuwa imekwisha nyooka.

Shuka nilizowasifia ninyi uani kwangu zilitandikwa na mikono ile. Hilo ndilo nililolificha.

NILIYOMWAMBIA KIJANA

Sikumkataza kwenda. Kazi ni kazi, na mama yule anasomesha watoto kwa jasho la halali. Nilimwambia mambo manne tu. Kwanza, aende ofisi ya serikali ya huduma za ajira, aulize kama wakala huyo ana leseni. Pili, apate mkataba wa maandishi, katika lugha anayoisoma, unaosema mshahara, saa za kazi na mahali pa kulala. Tatu, pasipoti yake isikae mkononi mwa mtu mwingine. Nne, asiuze ardhi kwa ajili ya ahadi ya mdomo.

Alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Mwalimu, mbona siku ile hukusema haya?" Sikuwa na jibu.

Basi, ndugu msomaji, ukitoka safari, usilete nyumbani zawadi ya nusu. Simulia lifti na taa, simulia na upweke na jasho. Kuna mtu anayekusikiliza na shamba lake mkononi.

Jana nilipita bondeni. Kijana alikuwa shambani akifukuza ndege, maana mpunga umeanza kuiva. Hajaniambia kama atakwenda au atabaki. Lakini alirudi kwa wakala yule kuomba kuona leseni, na mpaka leo hajaonyeshwa. Shamba bado ni lake.