Mbwa anayeburuza makalio si lazima awe na minyoo

Maswali ya wafugaji wa mbwa yanayofika kwenye safu hii yamekuwa na sura moja. Mbwa anakaa chini, ananyoosha miguu ya nyuma na kujiburuza sakafuni. Usiku kucha anajilamba chini ya mkia, na sebule nzima inanuka shombo. Karibu kila aliyeandika ameshampa mbwa wake dawa ya minyoo, wengine wamerudia na kurudia, na mbwa bado anajiburuza.

Nianze na hiyo minyoo. Ni kweli kwamba tegu anayeenezwa na viroboto anaweza kumwasha mbwa huko nyuma. Vipande vyake vyeupe, vya ukubwa wa punje ya mchele, hutoka na kinyesi na kuganda kwenye manyoya. Ukiviona, tibu tegu na viroboto kwa pamoja, maana ukiwaacha viroboto tegu atarudi. Usipoviona, acha kumimina dawa kwa kubahatisha. Kinachonikera zaidi ni watu wanaopita mitaani na chupa ya Ivermectin ya ng'ombe, wakimchoma kila mbwa anayejikuna. Ivermectin haiui tegu, hata ukimchoma kila siku. Tena kwa mbwa wa jamii ya Collie, na wengine wenye hitilafu ya jeni iitwayo MDR1, dawa hiyo hupenya hadi kwenye ubongo. Dozi ya kukisia inaweza kumpofusha mbwa wa aina hiyo, kumzimisha na hata kumuua.

Mara nyingi chanzo ni vifuko viwili vidogo ambavyo wafugaji wengi hawajui kama vipo. Viko kulia na kushoto, chini kidogo ya usawa wa tundu la haja kubwa, katikati ya misuli miwili ya mviringo inayofunga tundu hilo, mmoja ukiwa wa ndani na mwingine wa nje. Kuta zake zina tezi zinazotoa majimaji yenye mafuta, na kila kifuko kina mfereji mwembamba unaofungukia ukingoni mwa tundu. Kinyesi kilichoshikana kinapopita, hukandamiza vifuko kutoka ndani huku msuli wa nje ukivibana upande wa pili. Matone machache hutoka na kazi imekwisha. Kinyesi kikiwa laini, hakuna kinachokandamiza, na majimaji yanabaki pale pale.

Matone hayo ndiyo kitambulisho cha mbwa. Wawili wanaponusana chini ya mkia wanapeana habari, na jambo la kustaajabisha ni kwamba sehemu kubwa ya harufu hiyo haitokani na mbwa mwenyewe. Tangu miaka ya 1970 wanasayansi wamekuwa wakiandika kwamba ni bakteria wanaoishi ndani ya vifuko vya namna hii wanaoipika. Ushahidi mzuri ulipatikana hapa Afrika Mashariki. Mwaka 2013 Kevin Theis, Kay Holekamp na wenzao walichapisha katika jarida la PNAS uchunguzi wa fisi wa Masai Mara, Kenya. Fisi naye ana kifuko karibu na tundu la haja kubwa, na ute wake huupaka kwenye mashina ya nyasi ili wenzake waunuse. Watafiti hao walipima bakteria waliomo kwenye ute na kemikali zinazoleta harufu. Fisi madoa na fisi milia walikuwa na jamii tofauti za bakteria, na harufu zao zilitofautiana vivyo hivyo.

Kinachotokea humo ni uchachu. Ndani ya kifuko kuna joto, unyevu na mafuta, na oksijeni ni haba. Bakteria huvunja mafuta na protini na kutoa asidi nyepesi zinazopaa hewani, sawa na maziwa yanayogandia kwenye kibuyu na kupata ladha ya vijidudu wa kibuyu hicho. Kwa hiyo mbwa mzima kabisa ana bakteria kwenye vifuko vyake, na hao ni wenyeji wa pale. Mwenye duka anayekuuzia antibiotiki kwa sababu mbwa anajiburuza anatibu kitu ambacho hajakichunguza, na kifuko kilichoziba hakizibuki kwa kidonge.

Ugonjwa huanza majimaji yanapokaa muda mrefu. Huwa mazito kama uji, kisha hugeuka tope la kahawia linaloziba mfereji. Bakteria huzidi kiasi, kuta huvimba, usaha hujikusanya na kuwa jipu, na jipu hupasukia kando ya tundu. Mfugaji huona shimo linalotoa damu na kudhani mbwa wake kang'atwa na mwenzake.

Tatizo hili si la nadra. Uchunguzi wa mradi wa VetCompass wa Royal Veterinary College, Uingereza, uliochapishwa mwaka 2021, ulitumia kumbukumbu za matibabu za mbwa zaidi ya 100,000 na kukuta kwamba takribani asilimia 4.4 walikuwa na matatizo ya vifuko hivi. Cavalier King Charles Spaniel, Shih Tzu na Cocker Spaniel walikuwa miongoni mwa walioathirika zaidi, na mbwa wenye pua bapa walikuwa hatarini kuliko wenye pua ndefu. Kinachotangulia mara nyingi ni kuharisha, mzio wa ngozi au wa chakula, na unene.

Sasa nizungumzie tiba za mtaani, maana baadhi ni ukatili mtupu. Kuna wanaopaka pilipili na chumvi, wanaopaka mafuta ya taa au oili chafu ya gari, na wanaopasua jipu kwa wembe. Yote hayo huunguza au kuchafua kidonda kilicho hatua moja na kinyesi. Kuna wanaomlisha mbwa vitunguu saumu "kusafisha tumbo", kumbe jamii yote ya vitunguu huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Diclofenac na ibuprofen za binadamu humtoboa tumbo na kumharibu figo. Na zipo saluni za mbwa zinazokamua vifuko kila mbwa anapoogeshwa. Kukamua kifuko kizima ni kukijeruhi bure, na kukamua kifuko kigonjwa bila kutafuta chanzo ni kuahirisha tatizo tu.

Cha kufanya ni hiki. Lengo ni kinyesi kinachoshikana. Ongeza nyuzinyuzi: boga lililochemshwa bila chumvi wala sukari, kijiko kimoja cha chakula kwa mlo kwa mbwa mdogo, au ugali wa dona badala ya sembe, pamoja na dagaa waliooshwa chumvi au nyama isiyo na mafuta mengi. Unga au pumba zenye ukungu zisiguse bakuli lake. Sumukuvu ya mahindi iliua watu 125 nchini Kenya mwaka 2004, na mbwa hudhurika upesi na sumu hiyo. Acha maziwa, makombo yenye mafuta na mifupa iliyopikwa. Badilisha chakula polepole kwa muda wa wiki moja, maji safi yawepo saa zote, na mbwa mnene apunguziwe chakula na atembezwe kila siku. Akijikuna masikio na kulamba nyayo pia, shuku mzio.

Mpeleke kwa daktari wa mifugo bila kungoja ukiona uvimbe upande mmoja, damu, usaha au homa, au akilia anapojisaidia. Mbwa mzee mwenye uvimbe mgumu na kiu isiyoisha apimwe saratani ya kifuko, kwani saratani hiyo huweza kupandisha kalsiamu kwenye damu. Usimkamue mwenyewe kama hujafundishwa, maana mbwa mwenye maumivu huuma hata aliyemlea. Akikuuma, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya kinga ya kichaa cha mbwa.

Anayetaka kumchoma mbwa wako sindano, mwombe kwanza namba yake ya usajili. Tanzania wanasajiliwa na Baraza la Veterinari, Kenya na Bodi ya Madaktari wa Mifugo. Asiye nayo, mfungulie geti aondoke.