Samaki Mweupe Si Mkosi

Kambare akinaswa akiwa mweupe pe, macho mekundu, hakosi kuzua maneno. Mmoja atasema ni mkosi, mwingine atadai maji yametiwa sumu. Ualbino hausababishwi na lolote kati ya hayo. Samaki huurithi kwa wazazi wake, na kama rangi hiyo itamfaa au itamponza, maji anamoishi ndiyo yanayoamua.

Weusi na ukahawia wa samaki hutokana na melanini, ambayo hutengenezwa ndani ya seli maalumu za ngozi. Samaki mwenye ualbino anazo seli hizo, ila zimeshindwa kuitengeneza melanini. Ukitaka kuhakikisha, mtazame macho: kwa kuwa hata humo melanini haimo, wekundu wa damu hupenya na kuonekana. Aliyepauka mwili lakini macho yakabaki meusi ana hali nyingine. Rangi ya manjano nayo hutoka kwenye seli za aina tofauti, ndiyo maana baadhi ya samaki wenye ualbino huwa na umanjano badala ya weupe mtupu. Kwa kawaida ualbino hujitokeza pale tu mtoto anapopokea jeni yenye hitilafu kutoka kwa baba na kwa mama pia, kwa hiyo wazazi wenye rangi ya kawaida kabisa wanaweza kumzaa.

Msomaji anaweza kuuliza: kama si ugonjwa, mbona samaki hao ni adimu hivyo ziwani na mtoni? Kwanza, kurithi pande zote mbili hutokea mara chache. Pili, kifaranga mweupe huonekana upesi na ndege au samaki wakubwa, na macho yasiyo na melanini huona kwa shida penye mwanga mkali. Wakifugwa, ambako hakuna wa kuwawinda, kambare weupe hukua na kuzaana vizuri. Mapangoni mambo hugeuka kabisa. Huko Meksiko kuna samaki mdogo aitwaye Astyanax mexicanus: wa mtoni ana macho na rangi ya fedha, wa pangoni ni kipofu na amepauka. Mwaka 2006 watafiti walionyesha kwamba samaki weupe wa mapango ya Pachón na Molino wana hitilafu katika jeni moja, OCA2, lakini kila pango limepoteza kipande chake tofauti cha jeni hiyo. Yaani ualbino ulizuka zaidi ya mara moja, na gizani haukumponza mwenye nao.

Atakayebisha atasema pango ni mahali pa pekee, na kwamba penye mwanga rangi ngeni ni hasara tu. Samaki wa Ziwa Nyasa waitwao mbuna wanampinga. Miongoni mwao wamo majike wenye mabaka meusi juu ya rangi ya chungwa, mabaka yanayodhaniwa kuwaficha wanapokuwa kwenye miamba. Dume akiyapata, hufunika rangi ya buluu ambayo majike huitazama wanapochagua mwenza. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 uliyahusisha mabaka hayo na jeni iitwayo pax7, iliyo jirani na sehemu inayoamua samaki awe jike, na ndiyo maana madume wenye mabaka ni wachache. Ziwa ni lile lile na mabaka ni yale yale, lakini jike hunufaika na dume hupata hasara. Rangi, basi, haina uzuri wala ubaya wa peke yake.

Kuna sababu ya jambo hili kutuhusu. Hitilafu katika OCA2, jeni ile ile ya samaki wa Meksiko, ndiyo chanzo cha aina ya ualbino iliyoenea zaidi kwa watu wa Afrika, Tanzania ikiwemo. Kama mwili wa samaki huyo hauna mkosi wala utajiri ndani yake, wa binadamu hauna pia. Tofauti ni kwamba samaki wa pangoni hakutani na jua, na binadamu hukutana nalo kila siku. Kwa hiyo mwenye ualbino tumpatie kofia pana, mafuta ya kukinga ngozi na kiti cha mbele darasani, na uvumi wa bahati na mikosi tuukatae hadharani.