Kanuni ya Ohm Katika Gereji: Kutafuta Hitilafu za Umeme Baada ya Kubadilisha Injini ya Gari

Gari la Land Rover lililoundwa katika miaka ya 1970 aghalabu hudumu kuliko injini yake. Bodi yake ya aluminiamu haili kutu upesi, na chasisi yake ya chuma ikitunzwa hustahimili miaka mingi. Kwa sababu hiyo, injini yake ya petroli ya lita 2.25 inapochakaa, wenye magari wengi huona heri kuiondoa na kuweka injini ya dizeli isiyotumia mafuta mengi. Mojawapo ya injini zinazochaguliwa sana kwa kazi hiyo ni ile ya lita 2.5 iitwayo 200Tdi, ambayo ilianza kutolewa mwaka 1989 katika gari la Discovery.

Kazi ya vyuma huonekana kwa macho: bolti hukazwa, mabomba huunganishwa, na injini hukaa mahali pake. Kazi ya umeme haionekani, na hapo ndipo matatizo huanzia. Stata hugeuka kwa uvivu ingawa betri ni mpya. Injini hukataa kuwaka. Taa ya chaji haizimiki, au haiwaki kabisa. Mwenye gari hununua betri nyingine, kisha stata, kisha alternata, na mwishowe hali hubaki ile ile. Sababu ni kwamba vyombo hivyo vyote vilikuwa vizima. Hitilafu ilikuwa katika njia zinazoviunganisha, na njia hizo hazikupimwa, au zilipimwa isivyopasa.

Makala haya yanaeleza jinsi ya kuzipima. Kifaa kikubwa kinachohitajika ni kanuni ambayo kila mwanafunzi wa fizikia wa sekondari ameisoma, ile iliyotolewa na Georg Simon Ohm mwaka 1827: volteji ni sawa na mkondo ukizidishwa kwa ukinzani.

MAGARI MAWILI KATIKA MZUNGUKO MMOJA

Gari lililobadilishwa injini ni, kwa upande wa umeme, magari mawili yaliyounganishwa. Nyaya za bodi zilipangwa kwa ajili ya injini ya petroli, ambayo huhitaji koili na plagi za kutoa cheche. Injini ya dizeli haina haja ya cheche, bali huhitaji mambo mawili mengine. La kwanza ni plagi za joto, ambazo hupasha moto chumba cha kuunguzia mafuta kabla ya injini kuwaka. La pili ni vali ya umeme iliyo kwenye pampu ya mafuta. Vali hii hufunguka inapopata umeme na hujifunga inapoukosa. Ndiyo maana ufunguo ukizungushwa kuzima, injini husimama.

Jambo la kwanza, basi, kabla ya kushika waya wowote, ni kuwa na michoro miwili: mmoja wa gari na mwingine wa injini. Rangi za nyaya haziaminiki bila michoro. Katika magari ya Uingereza ya wakati ule, waya wa kahawia hutoka moja kwa moja kwenye betri, mweupe hupitia swichi ya ufunguo, wa kijani hutoka kwenye fyuzi, na mweusi hurudi kwenye chasisi. Katika magari ya Toyota, ambayo injini zake nazo hupandikizwa katika magari mengine, waya wa kurudia aghalabu ni mweupe wenye mstari mweusi. Fundi anayeunganisha rangi kwa rangi huweza kuunganisha betri na chasisi moja kwa moja.

VOLTEJI BILA MKONDO HAITHIBITISHI KITU

Hebu ichukuliwe hali ambayo hutokea mara kwa mara. Injini inazungushwa na stata lakini haiwaki. Fundi anachomoa waya wa vali ya mafuta, anaugusisha voltimita, na kusoma volti 12. Anakata shauri kwamba waya ni mzima na vali imekufa. Ananunua vali mpya, naye anashangaa kuona kwamba injini bado haiwaki.

Kosa liko wapi? Tuseme kwamba katika waya ule mna kiungo kilichoingia kutu, chenye ukinzani wa omu 20, na kwamba vali ina ukinzani wa omu 12. Voltimita za kisasa zina ukinzani mkubwa mno, kwa kawaida omu milioni 10. Wakati wa kupima, mkondo unaopita katika waya ni sehemu 1.2 tu za milioni moja ya ampea. Mkondo huo mdogo ukipita katika kutu hupoteza volti 0.000024, kiasi ambacho voltimita ya gereji haiwezi kukionyesha. Kwa hiyo kipimo husoma volti 12 kamili.

Waya ukirudishwa kwenye vali mambo hubadilika. Ukinzani wote sasa ni omu 32, na mkondo ni 12 ÷ 32, yaani ampea 0.375. Kiungo chenye kutu hunyang'anya 0.375 × 20, yaani volti 7.5, na vali hubakiwa na volti 4.5 tu. Volteji hiyo haitoshi kuifungua.

Kanuni inayotokana na mfano huu ndiyo msingi wa kazi yote: njia ya umeme hupimwa wakati mkondo wa kazi unapita ndani yake. Voltimita huwekwa sambamba na kifaa kilichounganishwa na kuwashwa, si kwenye ncha ya waya unaoning'inia. Pale ambapo hakuna voltimita, taa ya majaribio ya wati 21 hufaa, kwa kuwa huvuta mkondo wa kutosha kufichua kiungo kibovu: badala ya kung'aa hufifia.

NJIA YA KURUDIA

Umeme wa betri huenda na sharti urudi. Katika gari, kifaa huwa na waya mmoja wa kuletea umeme, na njia ya kurudia ni chuma cha gari chenyewe. Mafundi huiita ethi. Watu wengi hukagua kwa makini waya wa kuletea, wakaisahau njia ya kurudia, ingawa mkondo unaopita katika njia hizo mbili ni ule ule.

Injini hukalia mipira ili mtikisiko wake usifike kwenye bodi, na mpira haupitishi umeme. Kwa sababu hiyo gari huwa na ukanda mnene wa shaba unaounganisha injini au giaboksi na chasisi. Injini ya zamani inapotolewa, ukanda huo hutolewa pamoja nayo, na mara nyingi haurudishwi. Au hurudishwa juu ya chuma kilichopakwa rangi mpya. Rangi nayo haipitishi umeme.

Stata ya injini ya dizeli huweza kuvuta ampea 200 na zaidi. Kwa mkondo mkubwa namna hiyo, ukinzani mdogo sana huwa mkubwa. Kiungo cha omu 0.02 hupoteza 200 × 0.02, yaani volti 4. Betri inayotoa volti 10 wakati wa kuzungusha injini huiachia stata volti 6 tu. Volti zile 4 hazikupotea bure: katika kiungo kile hugeuka kuwa joto la wati 800, karibu sawa na la pasi ya umeme. Ukanda ukikosekana kabisa, mkondo hutafuta njia nyingine, kama vile kebo ya ekseleta. Kebo hiyo haikuundwa kwa kazi hiyo, nayo huweza kutoa moshi na kuungua.

Omu 0.02 haziwezi kupimwa kwa omumita ya kawaida, kwani nyaya za kifaa chenyewe zina ukinzani mkubwa kuliko huo. Kipimo chake ni volteji. Waya wa vali ya mafuta huchomolewa ili injini isiwake. Ncha moja ya voltimita huwekwa juu ya nguzo hasi ya betri yenyewe, si juu ya kishikizo chake, na nyingine juu ya chuma safi cha injini. Msaidizi huzungusha stata kwa sekunde chache. Njia njema ya kurudia haizidishi volti 0.3 hivi. Kipimo kikizidi, ncha ya pili husogezwa hatua kwa hatua: kwenye kishikizo, kwenye chasisi mahali kebo ya betri inapofungwa, kwenye chasisi karibu na injini, kisha kwenye injini. Mahali ambapo kipimo huruka ghafla ndipo penye ubovu. Tiba yake ni msasa, bolti iliyokazwa, na kebo nene.

JOTO NA UNENE WA WAYA

Waya mweupe uliokuwa ukipeleka umeme kwenye koili ulizoea kubeba ampea 4 hivi. Plagi za joto ni nne, na kila moja huvuta karibu ampea 10. Jumla ni ampea 40. Fundi anayeziunganisha na waya ule wa zamani huongeza mkondo mara 10. Lakini joto ndani ya waya hufuata mraba wa mkondo, kwa hiyo huongezeka mara 100. Mpira wa waya huyeyuka, nao huweza kuyeyusha nyaya jirani zilizofungwa pamoja nao. Njia sahihi ni waya mnene utokao betri kupitia fyuzi na relei, na waya mwembamba wa zamani ubaki na kazi ya kuamrisha relei tu.

TAA NDOGO NA KIPIMO KINACHODANGANYA

Taa nyekundu ya chaji ina kazi zaidi ya kuonya. Katika alternata nyingi sumaku ya rota ni sumaku ya umeme, nayo huhitaji mkondo mdogo ili ianze kazi. Mkondo huo hupitia katika taa hiyo: balbu ya wati 2.2 huruhusu ampea 0.18 hivi. Balbu ikiungua, au waya wake usipounganishwa na injini mpya, alternata nzima kabisa huweza kukaa bila kuchaji. Ufunguo ukifunguliwa taa haina budi kuwaka, na injini ikiwaka sharti izimike. Voltimita kwenye betri isome kati ya 13.8 na 14.4. Kwa magari ya Uingereza ya kabla ya miaka ya 1970, ichunguzwe kwanza ni ncha gani ya betri iliyofungwa kwenye chasisi. Mengi yalifunga ncha chanya, na alternata ikiunganishwa kinyume, dayodi zake huungua mara moja.

Kipimo cha joto la maji chahitaji uangalifu zaidi. Kihisio chake kina ukinzani unaopungua kadiri joto linavyopanda, na kila kipimo kiliundwa kwa kihisio chake. Kipimo cha zamani kikiunganishwa na kihisio cha injini mpya, mshale huweza kusimama katikati ilhali maji yanachemka. Kichwa cha injini ya 200Tdi ni cha aluminiamu, na joto likizidi hupinda. Salama ni kuhamisha kihisio cha zamani kwenye injini mpya, kisha kukijaribu katika sufuria ya maji ya moto pamoja na themometa.

BALBU YA KULINDA GARI

Kebo nene inayotoka betri kwenda stata kwa kawaida haina fyuzi. Ikisugua chuma na kuchubuka, au ikiegemea egzosi ikayeyuka, kinachozuia mkondo ni ukinzani wa ndani ya betri tu. Ukinzani huo ukiwa omu 0.01, mkondo hufikia ampea 1,200. Moto huanza kabla ya mtu kupata spana ya kufungulia betri.

Kwa hiyo siku ya kwanza ya kurudisha umeme, kishikizo cha nguzo hasi kisifungwe. Kati yake na nguzo iwekwe balbu ya wati 21. Vyombo vyote vikiwa vimezimwa, balbu yapaswa kukaa giza. Ikiwaka kwa nguvu zote, kuna mahali nyaya zimegusana na chuma. Lakini balbu hairuhusu zaidi ya ampea 1.75, na gari halitaungua. Nyaya huchomolewa mmoja mmoja mpaka balbu izimike, na ule wa mwisho ndio wenye kosa. Ndipo kishikizo hufungwa, na vipimo vilivyoelezwa hufuata: njia ya kurudia, kebo ya stata, vali, plagi za joto, na alternata.

JARIBIO LA DARASANI

Mwalimu asiye na gari anaweza kuonyesha kiini cha jambo hili mezani. Betri kavu mbili za volti 1.5 ziunganishwe mfululizo na balbu ya tochi ya volti 2.5 na kikinza cha omu 10, ambacho huchukua nafasi ya kiungo chenye kutu. Kwanza waya uchomolewe kwenye balbu, na wanafunzi wapime volteji kati ya ncha ya waya huo na nguzo hasi ya betri: watasoma karibu volti 3, kana kwamba hakuna kasoro. Kisha waya urudishwe na volteji ipimwe sambamba na balbu. Kipimo kitashuka chini ya nusu, na balbu itafifia. Mwisho wapime sambamba na kikinza, nao watazipata volti zilizotoweka. Waulizwe basi ni kipimo kipi kati ya vitatu hivyo ambacho kingemwokoa mwenye gari asinunue vali ya pili.